Lau Mvua, Lau Shamba

Pale senta ya Ndabibi, mama wa mandazi hufungia bidhaa zake kwa karatasi za madaftari. Muhula ukiisha, madaftari yaliyojaa huishia mezani kwake, pini zikang'olewa, na kila mteja akaondoka na ukurasa wa mtoto asiyemjua. Nilipomaliza kula nilibaki nimeshika karatasi ya mistari ya samawati yenye pambizo jekundu. Mafuta yalikuwa yameilainisha mpaka hesabu za riba za upande wa pili zikajitokeza katikati ya maneno ya upande huu. Kichwa cha somo kilikuwa kimepigiwa mstari kwa rula: sentensi za masharti, za Kiingereza. Ya kwanza, "If it rains, we plant," ilikuwa na tiki. Ya pili, "If I would have a cow, I would sell milk," ilikatwa pale mwanzoni kwa kalamu nyekundu na juu yake likaandikwa neno "had". Ya tatu ilianza, "If my father would have gone to school," nayo ikakatwa vilevile, kisha karatasi ikachanika mahali koma ilipokuwa ikisubiri jambo lenyewe.

Kosa la mtoto huyu lina ukoo wake. Anapofika kwenye Kiingereza huwa ametoka mbali: nyumbani Kikuyu au Kimaasai, au Kiturkana ikiwa wazazi walikuja kutafuta kibarua kwenye mashamba ya maua, uwanjani Kiswahili, kisha kuanzia gredi ya nne karibu masomo yote yanamgeukia kwa Kiingereza. Kiswahili kimemfundisha kugawa sawa. Ukiweka nge upande mmoja, weka nge upande wa pili. Ukianza na ngali, maliza na ngali, la sivyo mwalimu wa Kiswahili atakukata alama bila huruma. Anaingia basi kwenye kipindi cha Kiingereza na uaminifu uleule, anaweka "would" huku na huku, pande mbili zimetoshana, na anaambiwa amekosa. Kiingereza kinataka upande wa sharti urudi nyuma, uvae wakati uliopita, hata kama jambo lenyewe halikutokea jana wala juzi. Ng'ombe asiyekuwapo anasemwa kana kwamba alikuwapo. Mtoto anauliza, kwa nini nimseme ng'ombe wangu kama aliyekwisha kufa, na mimi namtaka mwakani? (Wamarekani wengi husema hivyohivyo alivyosema mtoto wetu, would huku na would kule, na hakuna anayewapunguzia alama. Lakini wao hawafanyi KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari.)

Halafu kuna "If I were". Kwa miaka mingi mtoto ameonywa asithubutu kusema "I were". Ameimba na darasa zima, I was, we were, I was, we were, mpaka watoto wa darasa la jirani wakajua wimbo. Siku moja mwalimu yuleyule anageukia ubao na kuandika "If I were you". Darasa linaguna. Mwenye ujasiri ananyoosha mkono. Mwalimu, akiwa amechoka, husema ndivyo ilivyo, na hilo si jibu baya kwa mambo mengi ya lugha ile. Lakini mimi hupenda kulikalia jambo hili kidogo kabla kengele haijalia. Sarufi iliyokuwa kali kama askari wa kaunti inalegea mahali hapa pamoja, pale mtu anapojitia katika nafasi ya mwenzake. Ili nikae ulipokaa wewe, hata kwa nusu dakika, lugha inaniruhusu kuvunja sheria yake. Sina hakika kama waliotunga Kiingereza walikusudia hivyo. Vijana wa miaka kumi na sita, ninapowaambia, hukubali upesi kuliko wanavyokubali maelezo ya kitabu.

Vitabu hupanga masharti kwa aina: lile linalowezekana, lile la kuwaza tu, na lile lililokwisha kupita bila kutokea. Mifano yake inafahamika kila mahali. Ningekuwa ndege, ningeruka. Ningeshinda bahati nasibu, ningenunua gari. Ningekuwa rais. Sina ugomvi na ndege, lakini mtoto wa Ndabibi ana "kama" zake nyingi tayari kabla mwalimu hajafungua kitabu. Uwanda huu uko magharibi mwa Ziwa Naivasha, Eburru ikiwa kaskazini na ukuta wa Mau ukiwa upande wa machweo ya jua. Udongo wake ni jivu la volkano, mwepesi, unaopeperuka kiangazi na kuganda kwenye kope. Mahindi, maharagwe na viazi husubiri mvua ya masika, na mtu akiulizwa atapanda lini hatakutajia tarehe. Atasema mvua ikikubali. Mzee atasema Mungu akijalia. Kijana anayesaka kibarua kwenye mashamba ya maua upande wa Kongoni atasema wakiandika watu, kwa sababu kuelekea Februari waridi huhitajika sana Ulaya na mikono huongezwa, kisha Februari ikipita mikono hupunguzwa. Hapa watu hawahitaji kufundishwa kwamba maisha yananing'inia kwenye neno dogo. Wanachohitaji ni kulisema neno hilo kwa lugha ambayo barua za kazi, mikataba na mitihani huandikwa kwayo.

Kuna zoezi ambalo walimu wengi wa lugha hulitumia, la mnyororo. Mwanafunzi mmoja anatoa sharti na tokeo. Anayemfuata analichukua lile tokeo, analigeuza kuwa sharti, na kutoa tokeo jipya. Katika madarasa ya vitabuni mnyororo huanza na mtu aliyekosa basi. Hapa unaanza wenyewe kwa mvua. Mvua ikinyesha, barabara itaharibika. Barabara ikiharibika, pikipiki ya maziwa haitafika. Pikipiki isipofika, maziwa yataganda. Maziwa yakiganda, mama hatapata pesa. Mama asipopata pesa, karo haitalipwa. Karo isipolipwa, tutatumwa nyumbani. Na wa mwisho, msichana wa dawati la nyuma aliyekuwa kimya muhula mzima, anasimama na kusema kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa kwamba wakitumwa nyumbani, watalima shamba, na wakilima shamba, wataomba mvua. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa hesabu akachungulia dirishani. Sarufi yote ilikuwa sahihi. Na ndani ya sentensi saba mtu angeweza kusoma uchumi wa wadi nzima, ambapo neema ileile inayoombewa kanisani Jumapili ndiyo inayomrudisha mtoto nyumbani Jumatano.

Aina ya tatu ndiyo inayowashinda. Walimu husema ni kwa sababu ya uzito wake: "had" na kitenzi upande huu, "would have" na kitenzi kingine upande ule, vitu vinne vya kubeba kwa mkono mmoja. Kweli, lakini nadhani kuna sababu nyingine. Sentensi hii inamtaka mtu awe na jana ndefu. Lazima uwe umefika njia panda, ukashika njia moja, ukaenda mbali kiasi cha kugeuka na kuiona ile nyingine ikipotea vichakani. Kijana wa miaka kumi na mitano ana njia panda chache. Ukimwambia atunge, atakwambia kama angaliamka mapema, angaliwahi gwaride. Ukimbana zaidi atakopa jana ya mtu mwingine, kama alivyofanya mtoto wa ile karatasi, ambaye hakuandika habari za kusoma kwake mwenyewe. Aliandika kuhusu baba.

Na Kiswahili chenyewe kimekwisha kuitilia shaka sentensi hii kabla mwalimu wa Kiingereza hajaileta. Ningalijua huja nyuma, wasemavyo wazee. Majuto ni mjukuu. Na ile inayopendwa sana majukwaani, hasa na mtu ambaye yaliyopita yalimfaidi: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mtoto aliyelelewa na methali hizi amefundishwa kwamba kulirudia jambo lililokwisha ni ugonjwa wa watu dhaifu. Kisha tunampa karatasi na kumwamuru alirudie, kwa alama moja kila sentensi.

Lakini yaliyopita ni ndwele hapa. Mwezi wa Oktoba 1993, huko Enoosupukia juu ya Mau, wakulima, wengi wao Wakikuyu, walivamiwa na kufukuzwa mashambani mwao, wengine wakauawa. Waliosalimika wakateremka na kupiga kambi Maiella, jirani ya hapa. Desemba 1994, wakati watu wakijiandaa kwa Krismasi, malori ya serikali yalikuja usiku kambini, watu wakapakiwa na kwenda kumwagwa Mkoa wa Kati. Familia zipatazo 200 zilikuwa na bahati ya namna yake: zilipewa vipande vya ardhi Moi Ndabi, katika lililokuwa shamba la serikali. Wale waliokuwa watoto wakati huo leo ni wazazi wa wanafunzi. Ukimpa kijana wa familia hiyo nusu ya sentensi, "Had my grandfather not left Enoosupukia," humhitaji ndege wala bahati nasibu. Ana nusu ya pili tayari, na pengine ameisikia jioni nyingi, mafiga yakipoa, kwa Kikuyu, bila mtu kumwambia kwamba ni aina ya tatu.

Dawati la pili kutoka hapo ameketi kijana wa Kimaasai, naye ana nusu yake, kongwe zaidi. Agosti 1904 mkataba ulitiwa sahihi baina ya Sir Donald Stewart, kamishna wa himaya ya Waingereza, na viongozi wa Wamasai, Olonana akiwa miongoni mwao. Wamasai walikubali, kama kukubali ni neno lake, kuondoka katika sehemu hii ya Bonde la Ufa, ambako reli ilikuwa imekwisha kupita na walowezi wakimezea mate malisho ya Naivasha. Wangehamia Laikipia upande mmoja na kusini upande mwingine. Na katika mkataba huo mna sentensi ya sharti ambayo sijaona nzito kuliko hiyo katika kitabu chochote cha sarufi: makubaliano yangedumu maadamu Wamasai wapo duniani kama watu. Maadamu wapo. Mtu aliyeandika hayo alichagua sharti ambalo, kwa hesabu ya kawaida, lingechukua vizazi visivyohesabika. Makubaliano yaliishi miaka saba. Mwaka 1911 ulikuja mkataba wa pili, Laikipia nayo ikatakiwa, na watu na ng'ombe wao wakasukumwa kusini. Wamasai walikuwa bado wapo. Sharti lilikuwa limetimia kikamilifu, ila tokeo ndilo halikuja, na hakuna aina ya sentensi katika orodha ya kitabu kwa ajili ya jambo hilo.

Walilipeleka mahakamani. Kesi ya Ole Njogo na wenzake dhidi ya mwanasheria mkuu wa himaya ilisikizwa mwaka 1913, kiongozi wao Ole Gilisho akiwa mmoja wa waliosimama nyuma yake, na ikatupwa. Majaji walisema mkataba ule ni wa dola na dola, kwa hiyo mahakama haina kauli juu yake. Ninalirudia hili mara nyingi kwa sababu ya ustadi wake mbaya. Wamasai walitambuliwa kuwa taifa, siku moja tu, kwa kiasi kilichohitajika ili wasisikilizwe.

Ndiyo maana siku hizi nachukia kuambiwa kwamba aina ya tatu ni sentensi ya majuto. Wapo wanaoifundisha hivyo, kwa mifano ya mlevi aliyepoteza kazi na msichana aliyeacha kusoma, kana kwamba Mungu ameiumba ili watoto watubu. Sentensi ya tatu ni ya madai. Wakili husimama nayo: kama breki zingalitengenezwa, mtu huyu angalikuwa hai. Daktari huitumia, mhandisi huitumia, mkaguzi wa hesabu hali mkate bila hiyo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake Mei 2013, majuzuu yale mazito yalikuwa, kwa maoni yangu, sentensi moja ndefu ya aina ya tatu ambayo nchi ilikataa kuisoma kwa sauti. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na aliyepeleka malalamiko yake huko alipaswa kuonesha kwamba isingekuwa tendo lile, yeye asingekuwa hivyo alivyo. Asiyejua kuisema sentensi hiyo hubaki na kilio, na kilio hakiwekwi kwenye faili.

Hapo napaswa kujihadhari, maana sentensi hiyohiyo huchoma nyumba. Kama si ninyi, tungekuwa na ardhi. Kama si wale, watoto wetu wangekuwa na kazi. Vijana waliopewa silaha mwaka 1993, na wale wa Naivasha mjini katika ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, walipewa kwanza sentensi fupi ya masharti, ikiwa na pande zake mbili, ikikaa vizuri mdomoni. Sarufi yake haikuwa na kosa. Na hili ndilo linalonisumbua katika mtihani. Katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE sarufi ina alama 15, na mojawapo ya maswali ya kawaida ni kuandika upya sentensi ukianza na neno ulilopewa, "Had" likiwamo. Mtahini hutazama kama vitenzi vimekaa mahali pake. Ukiandika kwamba ungalikuwa pundamilia ungalifaulu hesabu, utapata alama yako kamili. Kalamu nyekundu haiulizi kama pundamilia anahusika vipi na hesabu. Haiulizi kama kweli nusu ya kwanza inaizaa nusu ya pili, au zimefungwa tu pamoja kwa koma. Tunawafunza vijana kujenga daraja na kuwapa alama kwa uzuri wa nguzo, bila kukanyaga kuona kama linabeba mtu.

Mfumo wa elimu unabadilika. Wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa zamani, 8-4-4, watafanya KCSE mwaka 2027, na walioanza na mtaala wa umilisi walikwishaingia gredi ya kumi Januari 2026. Maofisa wanasema watoto watapimwa kwa wanachoweza kufanya, sio kwa walichokariri. Ikiwa ni hivyo, ningependa kuona zoezi moja likijaribiwa katika darasa la uwanda huu, watoto wa Moi Ndabi na watoto wa boma za Kimaasai wakiwa dawati moja. Wapewe ile sentensi ya 1904, kwa Kiingereza chake cha kikoloni. Waitenganishe: sharti liko wapi, tokeo liko wapi, nani alikuwa na uwezo wa kulivunja. Waigeuze iwe ya aina ya tatu. Kama mkataba ungalitunzwa, nani angalikuwa hapa leo, na nani asingalikuwapo? Hapo wataona jambo ambalo vitabu haviwaoneshi, kwamba sharti moja lina matokeo mengi yanayogombana. Kwamba katika ile Ndabibi ambayo haikutokea, rafiki anayemkopesha rula pengine hayupo. Kisha waigeuze ya Enoosupukia, na mkopeshaji rula awe ndiye anayeuliza. Nusu ya darasa itasema wenzao wamekosea. Mmoja ataleta maneno ya babu yake, mwingine ataleta ya mwanasiasa, na itabidi waambiane ni kipi kilisababisha nini, na wanajuaje.

Mtihani huwaachia mstari mmoja wa nukta kwa jibu. Mimi ningewapa ukurasa mzima wa mbele na nyuma, na vipindi viwili vya mfululizo, na kalamu nyekundu ningeiacha staffroom.